Kompyuta ya gemu kwa bajeti finyu: anza na skrini

Wengi wanaoniomba ushauri huanza na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ninunue ipi, kore (vitengo vya kufanyia kazi ndani yake) ngapi, kizazi gani? Mimi huwarudishia swali: skrini unayo, na ni ya ukubwa gani wa picha? Hapo hunyamaza, maana skrini waliiacha mwisho kabisa, ipate kitakachobaki mfukoni.

Lakini skrini ndiyo inayogawa kazi. Ile ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2. Ya 4K ina zaidi ya milioni 8, na zote huchorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Mzigo huo unaiangukia kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Prosesa wala haishtuki. Kama pesa ni ya kuhesabu, baki kwenye 1080 na usione haya.

Kadi ya grafiki basi iachie fungu kubwa. Ukiunda kila kitu kuanzia sifuri, inaweza kula karibu nusu ya bajeti, na mimi siionei uchungu. Kamba hukatikia pabovu. Tuseme prosesa yako inamaliza kazi ya fremu moja kwa milisekunde 6, kadi inatumia 30. Utapata fremu 33 kwa sekunde, basi. Badilisha prosesa uweke ya bei mara mbili: bado 33.

Kwenye kadi yenyewe, jina lisikuteke, tazama kumbukumbu yake, inayohesabiwa kwa GB. Ikijaa, kadi inalazimika kuchota picha kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na gemu huanza kukwama-kwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Radeon RX 6500 XT ya 2022 ilitoka na GB 4 tu, tena inatumia njia 4 pekee za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na madabodi (bodi kuu), kwa hiyo kwenye madabodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, inaumia zaidi. RX 6600 ya 2021 ina GB 8 na inakula wati 132 hivi. Kati ya hizo mbili, hata iliyokwishatumika, mimi nachukua 6600 bila kufikiri mara mbili.

Prosesa ya kore 6 inatosha. Ryzen 5 5600 bado naipendekeza, maana inakaa kwenye madabodi za AM4 (aina ya soketi ya prosesa), na RAM yake ni DDR4, kizazi cha RAM ambacho kimejaa kwa watu walioboresha mashine zao.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16. DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde katika njia moja. Ukiweka vipande viwili kwenye nafasi zake sahihi, zinakuwa 51.2. Halafu ingia BIOS, mipangilio ya madabodi inayofunguliwa mashine inapowaka, uwashe XMP, inayoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. Kijana mmoja aliniletea mashine akilalamika kwamba RAM ya 3200 aliyouziwa ni feki. Nilipofungua BIOS nikaikuta inatembea kwa 2133, haijaguswa tangu ilipofungwa. Kazi ya dakika moja, na sikumtoza kitu.

Sasa pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, hapa ndipo nilipoungua mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinunua moja iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Siku ilipolipuka, ikaondoka na madabodi. Ndipo nikasoma jedwali dogo lililobandikwa ubavuni: mstari wa volti 12, ampea 18. Zidisha: wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki huvuta karibu umeme wao wote kwenye mstari huo huo. Zile wati nyingine zilikuwa za volti 5 na 3.3, ambazo gemu haina haja nazo sana. Tangu siku hiyo nasoma ubavu kabla ya boksi. Na alama ya 80 Plus inaeleza tu umeme kiasi gani haupotei njiani. Haisemi kama kinga za ndani zipo.

SSD, mahali pa kuhifadhi gemu, yoyote ya kampuni inayoeleweka itafaa. Ya SATA, aina ya zamani, husoma kama MB 550 kwa sekunde, NVMe za kawaida, aina mpya zaidi, hupita 3000, lakini kwenye kufungua gemu nyingi utahesabu sekunde chache tu za tofauti. Kesi? Iwe na matundu mbele.

Prosesa na kadi nanunua zilizotumika, mradi muuzaji aiwashe kadi mbele yangu na gemu nzito ikimbie nusu saa huku nasikiliza feni. Pawa saplai ya mtu, hata ya bure, sichukui.

Ukishafunga kila kitu na fremu zikawa za kusikitisha, usinipigie simu kwanza. Geuza kesi uangalie waya wa skrini umechomekwa wapi. Kama prosesa yako ina grafiki ya ndani na waya uko kwenye madabodi, kadi uliyoitolea nusu ya bajeti imekaa bure. Uhamishe kwenye kadi, kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini: za 144 Hz (huonyesha picha mara 144 kwa sekunde) mara nyingi huanza zikiwa kwenye 60.