Kufyeka vichaka kando ya reli hakutoshi

Watu wengi huamini kwamba ukifyeka vichaka kando ya reli, wanyama hawatagongwa tena na treni. Kuna ukweli ndani yake. Nchini Norwei, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa palipofyekwa ukanda wa mita 20 hadi 30 kila upande wa reli, vifo vya elki vilipungua kwa zaidi ya nusu. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, na dume lake laweza kupita kilo 500. Wakati wa baridi theluji humsukuma kushuka mabondeni, ambako ndiko reli zilikopita, naye hukuta njia iliyokwisha kusafishwa theluji.

Tatizo ni kinachofuata baada ya panga. Mti kama mwerebi haufi ukikatwa. Mizizi yake ya zamani ina akiba kubwa, hivyo kisiki huchipua upya kwa nguvu. Machipukizi hayo ni marefu, laini, na yako pale pale mdomo wa elki unapofika. Fyeka mara moja uondoke, na baada ya muda umemwandalia mnyama chakula kando ya reli!

Hata wakati wa kukata una uzito. Utafiti wa mierebi huko British Columbia, Kanada, uligundua kuwa iliyokatwa katikati ya kiangazi hutoa machipukizi yenye lishe zaidi kwa majira ya baridi kuliko iliyokatwa mapema. Kwa hiyo bajeti ya kufyeka ipangwe kwa miaka, na tarehe ichaguliwe kwa kufuata mmea.