Maombi ya Chuo Yakiahirishwa, Faili Lako Bado Liko Mezani

Vyuo vingi vya Marekani hutoa majibu ya dirisha la mapema katikati ya Desemba. Hili ni lile dirisha la wanaotuma maombi kufikia tarehe 1 au 15 Novemba. Mmoja hupokelewa, mwingine hukataliwa, na wa tatu huambiwa kwamba maombi yake yameahirishwa. Huyu wa tatu ndiye anayefika kwenye dawati letu la ushauri akiwa amevunjika moyo kuliko hata aliyekataliwa, kwa sababu hajui alie au ashukuru.

Kuahirishwa maana yake ni kwamba faili lako limehamishiwa dirisha la kawaida. Litasomwa upya pamoja na ya waombaji wengine, na jibu utalipata karibu na mwisho wa Machi. Si sawa na kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hiyo huja baada ya uamuzi wa mwisho, na nafasi zake hutegemea wangapi kati ya waliopokelewa wameamua kutokwenda. Na kama ulikuwa umeomba kwa ahadi kwamba ukipokelewa utajiunga na chuo hicho tu, ahadi hiyo sasa haikufungi tena. Ukipokelewa Machi, una haki ya kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo vyote vilivyokukubali kabla ya kuamua, kwa kawaida kufikia tarehe 1 Mei. Kwa familia inayohesabu kila senti, hilo si jambo dogo.

Anza kwa kuisoma barua ya chuo mpaka nukta ya mwisho. Vyuo vingine vinataka matokeo mapya tu na kusema wazi kwamba visitumiwe kingine. Vingine vina fomu maalumu; MIT, kwa mfano, ina fomu ya Februari ambayo hata walioahirishwa hutakiwa kuijaza. Fuata walichoandika, hata kama rafiki yako alifanya vingine akafaulu.

Kisha liweke kando suala la chuo hicho kwa muda. Nasema hivi kwa msisitizo, maana madirisha mengi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, na wiki mbili za huzuni zimewapotezea wanafunzi wazuri nafasi katika vyuo vingine. Maliza maombi hayo kwanza. Vipo pia vyuo vyenye dirisha la pili la ahadi, ambalo majibu yake hutoka Februari. Liingie ikiwa kweli unakitaka chuo chenye dirisha hilo na gharama zake mmezikubali nyumbani, kwa sababu ukipokelewa utalazimika kuyaondoa maombi mengine yote, likiwemo lile lililoahirishwa.

Kinachobeba uzito mkubwa zaidi ni alama zako za nusu ya kwanza ya mwaka. Ripoti yake hutumwa na shule, kwa hiyo mwone mshauri wako mapema na umwambie kwamba umeahirishwa. Baadaye mwulize tena kama imeshakwenda.

Barua yako, kama chuo kinaipokea, iandike Januari. Ukurasa mmoja unatosha. Wengi huandika, "Chuo chenu ni ndoto yangu tangu utotoni, naomba mnifikirie tena." Msomaji wa udahili hapati la kuongeza kwenye faili. Mlinganishe na huyu: "Tangu Novemba nimekuwa nikiwafundisha hesabu wanafunzi sita wa darasa la chini yangu kila Jumamosi, na alama yangu ya fizikia imepanda kutoka B hadi A." Hapo pana habari mpya, na inaweza kuthibitishwa. Ongeza sentensi moja ya kueleza ni somo au maabara gani ya chuo hicho unayoilenga. Ikiwa tu ni kweli, sema kwamba ukipokelewa utakwenda.

Iandike wewe, si mzazi wako. Najua mzazi anaumia na angependa kupiga simu, lakini ofisi ya udahili inataka kumsikia mwombaji. Zawadi zisitumwe kabisa, wala barua za sifa kutoka kwa watu wenye vyeo wasiokufahamu. Ukishaituma barua, usiandike tena kila wiki. Andika tu likitokea jambo zito, kama tuzo au matokeo mapya ya mtihani.