Madini kwa silaha: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo mkatabani

Pale Makoroboi, Mwanza, kuna benchi la kahawa ninalokaa jioni nikishafunga duka. Tangu Ukraine na Marekani watie saini makubaliano yao ya madini, tarehe 30 Aprili 2025, hoja hiyo haijatoka benchini. Inapumzika kidogo ligi ikianza, kisha inarudi. Mmoja anasema Rais Zelensky wa Ukraine kauza nchi. Mwingine anasema Wamarekani wanalipwa bunduki zao, kuna ubaya gani? Wa tatu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba Mwaloni ambaye mizigo yake huenda Kongo, anasema na Kongo wakifanya hivyo vita itaisha kesho asubuhi.

Mimi zamani nilishika daftari la duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kule Nyarugusu, Geita, kwa miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kaleta nini na nani kaondoka na viroba vingapi. Nikiyasoma makubaliano ya Ukraine naona watu ninaowafahamu wamevaa suti. Ndiyo maana baadhi ya yanayosemwa benchini yananiwasha.

Dhana: Ukraine imeuza madini yake kwa Marekani

Haikuuza. Makubaliano yanasema waziwazi kwamba ardhi na vilivyomo chini yake ni mali ya Ukraine, na ni Ukraine inayoamua wapi pachimbwe. Kilichoanzishwa ni mfuko wa uwekezaji wa pande mbili, nusu kwa nusu, wajumbe watatu huku na watatu kule. Serikali ya Ukraine inaweka humo nusu ya mapato yake yatokanayo na leseni mpya: ada za leseni, mrabaha na mgawo wa serikali kwenye uzalishaji. Neno la kulitazama hapo ni "mpya". Visima vya gesi na migodi iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya saini havimo. Marekani imepata pia nafasi ya kuitwa mezani kuzungumzia ununuzi wa madini hayo, lakini kwa bei ya soko.

Kwetu Nyarugusu mwenye leseni alikuwa mmoja, mwenye duara mwingine, na mfadhili mwingine kabisa. Huyu mfadhili hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alileta matimba (magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke), kamba, dizeli ya pampu, unga na maharage. Siku ya mgawo anafika na bodaboda, anasimama kando ya turubai, mikono nyuma, tunahesabu viroba: hivi vya mwenye leseni, hivi vya duara, hivi vya wachimbaji, hivi vyake. Kila mtu anabeba mawe yake kwenda karashani, kwenye mashine ya kuyasaga. Mawe yakiwa makavu, yaani hayana dhahabu, mfadhili anarudi mjini na vumbi kwenye viatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwamba kauziwa mlima.

Dhana: Madini yanalipia silaha zilizokwishatolewa

Hii ndiyo iliyobishaniwa kuliko zote, na ina sababu. Februari 2025 Rais Trump alisema anataka madini ya thamani ya dola bilioni 500 kama fidia ya misaada iliyotangulia. Zelensky alikataa. Tarehe 28 Februari wakagombana mbele ya kamera ndani ya Ikulu ya Marekani, na saini iliyokuwa imepangwa siku hiyo ikaahirishwa. Wengi wa benchini walikomea hapo kufuatilia. Hawakuona kwamba andiko lililosainiwa miezi miwili baadaye halina deni la nyuma hata senti. Bunge la Ukraine likaliridhia tarehe 8 Mei kwa kura 338.

Kilichobaki ni cha mbele: silaha mpya ambazo Marekani itatoa baada ya saini zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango wake kwenye mtaji wa mfuko. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, na mimi nilijifunza tofauti hiyo kwa shida.

Mwenye duara wetu alifiwa na mama yake. Mfadhili akaleta magunia mawili ya mchele na ng'ombe, watu wakamshukuru, akapewa kiti cha mbele. Baada ya miezi kama sita tukapata mawe mazuri. Mfadhili akaja, akafungua daftari langu, akataka mchele na ng'ombe vile viandikwe kama mtaji ili mgawo wake upande. Tulikaa chini ya mwembe siku nzima. Sikuviandika. Ila dizeli ilichelewa wiki mbili, maji yakajaa shimoni, na kila mtu alielewa ni kwa nini.

Kwa hiyo mtu akiniambia Ukraine ilijadiliana kwa uhuru kamili, namkumbusha Machi 2025: siku chache baada ya ule ugomvi, Marekani ilisimamisha silaha na taarifa za kijasusi kwa Ukraine, ikazirejesha baada ya kama wiki moja, mazungumzo yalipofunguka. Andiko la mwisho limeandikwa kiungwana. Dizeli nayo ilikuwa imeshakatwa mara moja.

Dhana: Ukraine imejaa madini adimu

Watu wanachanganya "madini adimu", yaani lile kundi la elementi 17 zinazotumika kwenye sumaku za mota na vifaa vya elektroniki, na "madini ya kimkakati", ambayo ni kapu pana zaidi. Hata wanasiasa wakubwa wamelichanganya. Utajiri wa Ukraine unaojulikana vizuri ni titani, kinywe, manganizi, urani, chuma na lithiamu ambayo bado iko ardhini. Makubaliano yenyewe yamejumuisha hadi mafuta na gesi.

Na kujua kwamba kitu kiko ardhini si kukichimba. Huku kwetu mfano ni Kabanga, Ngara. Nikeli ile inafahamika tangu miaka ya 1970. Kampuni zimekuja na kuondoka, mkataba wa ubia na serikali ukasainiwa Januari 2021, serikali ikachukua asilimia 16 yake, na mwaka 2025 ukaisha mgodi haujaanza kuzalisha. Huko hakuna hata bomu moja linalodondoka. Sasa weka mgodi wa lithiamu kwenye nchi yenye king'ora usiku, umeme unaokatwa na makombora, na vijana waliopaswa kushika mashine wako mstari wa mbele.

Ndiyo maana tarakimu zinashuka ghafla ukitoka kwenye hotuba kwenda kwenye akaunti. Maneno yalianza na dola bilioni 500. Fedha za kuanzia zilizotangazwa Septemba 2025 ni dola milioni 75 kutoka Marekani na milioni 75 kutoka Ukraine. Jumla milioni 150, za kununulia matimba.

Dhana: Huu ni mchezo mpya, kauanzisha Trump

La. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, 1936 hadi 1939, ni darasa zima la jambo hili, kwa sababu pande mbili za vita moja zililipa kwa njia mbili tofauti.

Serikali ya Jamhuri ilikuwa na dhahabu hazina. Oktoba 1936 ikapakia tani 510 bandarini Cartagena, zikavuka bahari hadi Odessa na kuishia Moscow, na kwa dhahabu hiyo ikapewa ndege, vifaru na risasi hadi hesabu ikaisha. Dhahabu ina sifa hiyo: unaipima, unaibeba, inakwisha. Hapa Mwanza tunaijua.

Upande wa Jenerali Franco, aliyeiasi serikali hiyo, haukuwa na hazina hiyo. Ujerumani ya Hitler ilimpa ndege na wataalamu, kisha ikataka haki za migodi: chuma, shaba na madini mengine ya viwanda vya silaha. Franco hakuwa mjinga. Alipiga chenga, akatoa sheria ya madini Juni 1938 iliyowawekea wageni kikomo cha asilimia 40 ya hisa. Wajerumani wakakasirika, wakasubiri. Ilipofika Novemba mwaka huohuo Franco alihitaji silaha za mashambulizi mapya, na ghafla kampuni za Kijerumani zikaruhusiwa kushika hisa nyingi kwenye migodi kadhaa. Sheria ilikuwa ileile na mawe yaleyale. Kilichobadilika ni idadi ya makombora ghalani.

Mwenye kutaka kujua bei ya leseni wakati wa vita asianze na bei ya chuma sokoni. Aanze na ghala la risasi la anayeuza.

Dhana: Akishakuwa na mgodi kwako, mshirika atakulinda

Hoja ya rafiki yangu wa dagaa ndiyo hii, na haikosi mantiki: mtu hulinda mali yake. Kule rashi, kwenye machimbo yetu, tulikuwa tukisema duara lenye mfadhili mkubwa haliibiwi. Liliibiwa mara mbili, nikiwepo.

Makubaliano ya Ukraine hayana kifungu kinachoilazimisha Marekani kuitetea kijeshi. Na vita havikusubiri. Juni 2025, karibu miezi miwili baada ya saini, majeshi ya Urusi yalikiteka kijiji cha Shevchenko mkoani Donetsk, penye moja ya akiba za lithiamu zinazojulikana za Ukraine.

Kongo ni karibu zaidi. Rubaya, wilayani Masisi, inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayotumika kwenye vifaa vya elektroniki, nayo iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024. Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari. Ndipo Kinshasa ikaifuata Washington na hoja ya madini kwa usalama. Tarehe 4 Desemba 2025 Marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walisaini makubaliano yao ya amani mbele ya Trump, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikasaini ushirikiano wao wa madini ya kimkakati. Siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira, mji mwingine wa mashariki mwa Kongo. Rafiki yangu alikuwa na gunia zake njiani wiki hiyo. Hakuja kijiweni siku tatu.

Lakini, na hapa lazima niwe mkweli, ipo mifano ambapo mwenye mgodi alileta askari kweli. Kongo hiyohiyo, Agosti 1998: Rais Laurent Kabila akielemewa na waasi, Zimbabwe, Angola na Namibia zikatuma majeshi na Kinshasa haikuanguka. Zimbabwe ilileta maelfu. Kampuni iliyofungamana na maslahi ya Zimbabwe, Sengamines, ikapata eneo la almasi karibu na Mbuji-Mayi. Tatizo likawa ni nani aliyekula. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yake ya Oktoba 2002, lilieleza mtandao wa wakubwa wa kijeshi, wanasiasa na wafanyabiashara wa pande zote mbili waliofaidi, huku mali ikitoka mikononi mwa shirika la umma la Kongo. Askari wa kawaida wa Zimbabwe alirudi Harare na alichokwenda nacho, kama alirudi.

Dhana: Hakuna nchi inayoingia vitani kwa ajili ya jirani bila kupigia hesabu madini yake

Hii husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwishaujua ulimwengu. Nami huwa naelekeza kidole ziwani, kisiwa cha Saanane, kinachoonekana ukisimama Capri Point.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania iliyarudisha, ikaendelea hadi Kampala ikiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na mji ukaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Uganda ilikuwa na shaba ya Kilembe, mgodi mkubwa unaojulikana, na hatukurudi na shaba. Amin naye alikuwa na mshirika. Libya ya Gaddafi ilimtumia askari na ndege, na tarehe 29 Machi 1979 ndege moja kubwa ya mabomu aina ya Tupolev ilikuja kuipiga Mwanza. Lengo lilikuwa matangi ya mafuta. Ikakosea, makombora yakaangukia Saanane, yakamjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja na kuua wanyama kadhaa wa hifadhi. Swala wa watu hawakuwa na leseni ya kitu chochote.

Gharama ya vita hukadiriwa kuwa kama dola milioni 500, kwa nchi ambayo tayari ilikuwa imelemewa na bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwalimu alitangaza tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ikapita, mkanda ukabaki palepale. Baba yangu alikuwa karani mjini hapa, na hadithi zake za vita hazina Kampala ndani yake. Zina foleni ya duka la ushirika alfajiri, kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi ili kigawiwe nyumba mbili, na mama akiuliza sukari imekuja au bado.