Ujasusi wa Moscow na Washington: Yanayodhaniwa na Yaliyotokea

Dhana: jasusi ni mtu wa bastola na magari ya kifahari.

Wakati wa Vita Baridi, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Moscow kwa kawaida alijificha nyuma ya cheo cha ubalozini. Siri zenyewe zilitolewa na Mrusi aliyekubali kumtumikia, na huyo ndiye aliyeweka roho yake rehani. Adolf Tolkachev, mhandisi wa rada, alipiga picha nyaraka za kazini kwake kwa miaka kadhaa. Alikamatwa mwaka 1985, akauawa mwaka uliofuata.

Dhana: kinasa sauti lazima kiwe na waya au betri.

Mwaka 1945 watoto wa Kisovyeti walimzawadia balozi wa Marekani nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa nyumbani kwa balozi hadi 1952, ndipo ikagundulika kuwa ndani mna kinasa sauti kisicho na betri wala waya. Kiliamka pale tu kilipomulikwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje.

Dhana: setilaiti zimewaondoa majasusi kazini.

Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Kweli, kuanzia Agosti 1960 setilaiti za Marekani zilizoitwa Corona zilipiga picha ardhi ya Wasovyeti, na filamu zikashushwa kwa parachuti na kudakwa na ndege zikiwa bado angani. Zilionyesha makombora na viwanja vya ndege. Lakini hofu ya mtu haipigwi picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB (shirika la ujasusi la Kisovyeti) mjini London aliyewatumikia Waingereza kwa siri, aliyewaeleza kwamba wakubwa wa Moscow waliogopa kwa dhati kushambuliwa kwanza na nchi za Magharibi. Taarifa hiyo, kwangu, ina uzito kuliko picha nyingi za makombora.

Dhana: mashine ya kupima uongo humnasa msaliti.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyepaswa kuwafichua majasusi wa Kisovyeti, alianza kuwauzia siri mwaka 1985 kwa sababu ya madeni, na watu kadhaa kati ya aliowataja waliuawa. Alipimwa kwa mashine hiyo mwaka 1986 na 1991, akapita mara zote mbili. Alikamatwa mwaka 1994, baada ya wenzake kulinganisha tarehe alizokutana na mwanadiplomasia wa Kisovyeti na tarehe ambazo fedha ziliingia kwenye akaunti yake.