Kubadilisha mfumo huku watu wakiutumia

Vijana wanaomaliza masomo ya kompyuta Makerere, Kyambogo au Mbarara wanaponiuliza kuhusu kazi ya mhandisi wa programu katika kampuni kubwa ya teknolojia, swali lao la kwanza karibu kila mara huhusu lugha: wajifunze Java, Python au Go? Naliheshimu swali hilo, lakini lugha ya programu hujifunzwa kwa miezi michache, na kuijua hakukwambii siku ya kazi inavyokwenda. Mradi wa chuo huanza mezani pa mwanafunzi na huishia hapo. Mfumo wa kampuni kubwa tayari unatumiwa na umma usiku na mchana, na kila badiliko hufanywa huku watu hao wakiendelea kuutumia. Karibu desturi zote za kazi yetu, hata zile zinazoonekana kuwa urasimu mtupu, zimetokana na hali hiyo.

Timu yangu hapa Kampala inashughulikia malipo ya simu, kwa hiyo nitatoa mfano wa huko. Mzazi aliye Arua anamtumia mwanawe pesa ya karo, anathibitisha kwa namba ya siri, kisha mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi. Huenda ombi halikufika kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea maombi. Huenda lilifika lakini halikutekelezwa. Huenda pesa imekwisha kwenda na ni jibu tu lililopotea njiani. Kwenye simu yake hali hizo tatu hazitofautiani hata kidogo, naye, kama mtu yeyote mwenye haraka, atabonyeza tena. Mfumo ukilichukua ombi la pili kuwa jipya, atakatwa mara mbili.

Dawa yake ni kuupa kila muamala namba ya pekee kabla ombi halijaondoka kwenye simu, na namba hiyohiyo iambatane na kila jaribio la kurudia, ili seva ikikuta muamala ulikwisha fanyika irudishe tu jibu la mwanzo. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Maombi mawili yanaweza kufika kwa wakati mmoja, kila moja likaangalia na kukuta namba hiyo haijaandikwa, kisha yote mawili yakakata pesa. Ndiyo sababu hifadhidata yenyewe, yaani mahali miamala inapoandikwa na kutunzwa, huwekewa sharti la kukataa namba moja kuandikwa mara mbili, na uandishi huo hufungamanishwa na ukataji wa salio ili vifanikiwe pamoja au vishindikane pamoja. Tena, wateja wengi wa Uganda hawatumii programu ya simu janja. Hupiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel kupata menyu ya pesa, na anayepiga upya huanzisha kikao kipya chenye namba mpya. Kwake yeye kinga ya kwanza haifanyi kazi, na mfumo hauna budi kumwuliza kama kweli anakusudia kumtumia mtu yuleyule kiasi kilekile alichomtumia muda mfupi uliopita. Mhandisi ambaye hajawahi kusimama kibandani kwa wakala akaona watu wanavyotumia simu zao hawezi kulifikiria hilo kwa kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, peke yake.

Mambo kama haya huandikwa kwanza. Kabla ya badiliko lolote zito, mhandisi huandaa andiko la kurasa chache linaloeleza tatizo, njia alizozikataa na sababu za kuzikataa, kisha wenzake hulihoji. Kampala iko mbele ya California kwa saa 10 au 11 kutegemea majira, hivyo anayefanya kazi na wenzake wa huko hawezi kutegemea mikutano. Hoja isiyoandikwa vizuri itakufa usiku. Msimbo nao husomwa na mtu mwingine kabla ya kuingizwa, nami napendelea mabadiliko madogo, kwa sababu msomaji aliyepewa mistari elfu mbili huidhinisha kwa uchovu.

Kisha badiliko hutolewa kidogo kidogo: huanza kwa sehemu ndogo ya watumiaji, vipimo huangaliwa, ndipo linaongezwa. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilituma faili lenye kasoro kwa wateja wake kwa mkupuo, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Lingeanzia kwenye mashine chache, kasoro ingejitokeza huko. Nawasihi wanafunzi wajifunze tukio hilo kwa makini, kwa kuwa linaonyesha kwamba njia ya kutoa badiliko ina uzito sawa na badiliko lenyewe.

Huduma inapoanguka, aliye zamu huamshwa. Ahadi ya huduma kupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda huruhusu takriban dakika 43 tu za kukatika katika siku 30, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kurudisha toleo la awali. Chanzo hutafutwa baadaye. Ripoti inayofuata huuliza mfumo uliruhusuje kosa lipite. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya Facebook kwa takriban saa 6, na maelezo ya kampuni yenyewe yalitaja programu ya ukaguzi iliyokuwa na kasoro na kushindwa kuizuia amri hiyo. Hapa Uganda, ambako Facebook ilikuwa imefungiwa tangu Januari mwaka huo, tuliligundua tukio hilo kwa kutoweka kwa WhatsApp, ambayo ni ya kampuni hiyohiyo.

Anayetaka kuyazoea haya kabla ya kuajiriwa hahitaji kibali cha mtu. Mijadala ya miradi ambayo msimbo wake uko wazi kwa umma, kama mfumo endeshi wa Linux na hifadhidata ya PostgreSQL, inasomeka na yeyote mwenye intaneti, na humo ataona badiliko la mistari kumi likihojiwa, likirudishwa na kuandikwa upya mpaka wenye mradi waridhike.