Kasi iliyoandikwa kwenye boksi la SSD ni kasi ipi?

SSD mpya (diski inayohifadhi data kwenye chipu, bila sahani inayozunguka) ikianza kunakili video kwa kasi kubwa halafu kasi ikashuka katikati, neno linalotamkwa kwanza ni "feki". Muuzaji analaumiwa, diski inarudishwa dukani. Mara nyingi diski hiyo ni nzima kabisa.

Kasi inayochapishwa kwenye boksi ni ya juu kabisa: kusoma au kuandika faili kubwa mfululizo, maombi mengi yakiwa kwenye foleni kwa pamoja, diski ikiwa karibu tupu na haijapata joto. Imepimwa kweli, lakini katika hali hiyo tu.

Tunachokosea ni kuchukua kasi ya muda mfupi tukadhani ndiyo ya kudumu. SSD nyingi za bei nafuu zina seli (vijumba vidogo vya kutunzia data) za aina ya TLC, zinazobeba biti 3 kila moja, au QLC, zinazobeba biti 4. Biti 1 huandikwa upesi kwa sababu seli inahitaji viwango viwili tu vya chaji. Biti 4 zinadai viwango 16, na kila kimoja lazima kilengwe kwa uangalifu, kwa hiyo kazi inachukua muda. Watengenezaji wakatafuta njia: baadhi ya seli hizohizo huandikwa biti 1 tu kwa muda, na sehemu hiyo huitwa kashe ya SLC. Data hutua hapo kwanza, kisha diski ikipata nafasi ya kupumua huihamishia mahali pake pa kudumu. Ni kama kibaraza cha ghala: magunia yanashushwa haraka nje, yanapangwa ndani taratibu, na kibaraza kikijaa lori linasubiri. Kashe ikijaa, SSD ya QLC inaweza kushuka hadi takriban megabaiti 100 kwa sekunde, chini ya diski ngumu nyingi za sumaku. Na kwa kuwa kashe hiyo mara nyingi hukopa nafasi iliyo tupu, kadiri unavyoijaza diski ndivyo inavyosinyaa. Jambo hili lingestahili kuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kama zile za kasi yenyewe.

Faili ndogondogo ni habari nyingine. SSD yenye kasi ya megabaiti 3,500 kwa sekunde kwenye boksi, ikisoma vipande vya kilobaiti 4 kimoja baada ya kingine, hutoa makumi machache tu ya megabaiti kwa sekunde, na kuwasha kompyuta kunategemea zaidi usomaji wa aina hii.

Tundu la kompyuta linalochomekwa diski nalo lina kikomo chake, na aina zake kuu ni SATA, ya zamani na ya polepole, na PCIe, ya kasi zaidi. SATA ya gigabiti 6 kwa sekunde haitoi megabaiti 750, kwa sababu kila baiti, yenye biti 8, husafirishwa kwa biti 10: zinabaki megabaiti 600, na katika matumizi kama 550. SSD yenye kasi ya megabaiti 7,000 kwa sekunde ukiichomeka kwenye PCIe ya toleo la 3.0 yenye njia 4 za kupitisha data itaishia karibu 3,500.

Kwa hiyo kasi ikishuka baada ya gigabaiti kadhaa, tuseme kashe imejaa. Iache diski itulie kidogo, kisha pima tena. Feki halisi hudanganya ujazo: imeandikwa terabaiti 2, ndani ina gigabaiti 64, na faili zinazozidi hapo hupotea au haziwezi kufunguka. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote data, ikaisoma upya na kuonyesha palipoharibika.