Macho yanatiririka machozi halafu unaambiwa ni makavu, inakuwaje?

Swali: Nikitoka tu kwenye upepo machozi yanatiririka mpaka mashavuni, nimeenda kupima naambiwa nina macho makavu. Dokta amekosea?

Hajakosea, na wengi wanaoambiwa hivyo hawaamini wanaondoka bila dawa. Iko hivi, chozi sio maji matupu. Maji yenyewe yanatoka kwenye tezi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi, ikisaidiwa na vitezi vidogo vidogo vilivyo ndani ya kope. Kwenye ukingo wa kope, ukisogea karibu na kioo utaona mstari wa vitundu kama ncha ya sindano, hivyo vinatoa mafuta yanayotanda juu ya maji ili yasikauke haraka. Halafu ile ngozi laini inayoonyesha ng'ambo, iliyofunika weupe wa jicho, inatoa ute, na huo ute ndo unafanya maji yashike kwenye jicho yasiteleze tu.

Sasa mafuta yakipungua, maji yanakauka kabla hujapepesa tena, mishipa ya fahamu iliyopo kwenye konea (kile kioo cha mbele cha jicho) inachomwa, inapeleka taarifa kwenye ubongo, ubongo unaiamuru ile tezi kubwa imwage maji. Yanamwagika mengi kwa mpigo, yanapita, dakika chache jicho limekauka tena. Kwa hiyo yale machozi ya mashavuni ni kilio cha jicho kavu.

Swali: Machozi yanaishia wapi nisipolia?

Mengine yanakauka, mengine yanaingia kwenye vitundu viwili vilivyo kwenye kona ya jicho upande wa pua, kimoja kope ya juu kimoja ya chini, yanashuka puani. Ndo maana ukilia kamasi zinakuja, na ukiweka dawa ya macho baadaye unasikia uchungu kooni.

Swali: Wanapimaje? Inauma?

Haiumi, inasumbua kidogo tu. Usiende umetoka kuweka matone, na kama unavaa lenzi zivue kwanza maana rangi ya kipimo inazichafua.

Kipimo cha kwanza unaguswa jicho na kikaratasi chenye rangi ya chungwa, unapepesa rangi isambae, halafu unaambiwa usipepese, dokta anakuangalia kwa mashine yenye mwanga wa bluu. Machozi yanaonekana kijani kinachong'aa, yametanda vizuri, ghafla panatokea doa jeusi, hapo ndo utando umepasuka. Anahesabu sekunde kutoka ulipopepesa mara ya mwisho mpaka doa litokee, na zikiwa chini ya 10 utando wako haudumu. Rangi hiyo hiyo inaonyesha pia kama konea imechubuka.

Kipimo cha pili ni cha karatasi, alikitoa daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 na mpaka leo kinatumika. Karatasi ya kufyonza, upana milimita 5 na urefu 35, inakunjwa ncha inaning'inizwa ndani ya kope ya chini, unafumba macho dakika 5. Unyevu unashuka taratibu kama maji kwenye utambi. Ukishuka zaidi ya milimita 10 kwa kawaida maji yapo, chini ya 5 hayatoshi. Ila jamani karatasi inapima maji tu, mtu mwenye shida ya mafuta anaweza kupata milimita 20 na macho yake bado makavu, kwa hiyo ukipimwa karatasi peke yake ukaambiwa uko sawa na bado macho yanachoma kama yana mchanga, uliza kope zako zimeangaliwa?

Swali: Nifanye nini wakati nasubiri kupimwa?

Pepesa, tena kope zikutane kabisa, maana tukikodolea simu tunapepesa mara chache na nusu nusu. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa dakika 5 mpaka 10 kinalainisha mafuta yaliyoganda. Matone ya machozi bandia yanasaidia, ila ukiyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Matone ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) usijinunulie kabisa, yanaweza kupandisha presha ya jicho ukapoteza uoni polepole bila kusikia maumivu. Na kama mdomo nao unakauka, viungo vinauma, mwambie dokta yote kwa pamoja, inaweza kuwa kinga ya mwili inashambulia tezi zako.

Swali: Mtoto wangu mchanga analia hatoi machozi, ana macho makavu?

Wiki za mwanzo ni kawaida, tezi zinatoa ya kulowanisha jicho tu. Ila mtoto aliyekuwa anatoa machozi, sasa anaharisha au kutapika, analia na jicho halilowi, huyo ameishiwa maji mwilini, mpeleke hospitali sasa hivi na ORS umnyweshe njiani.